Klabu ya Ridhaa na Kiswahili cha Hadhara: Mtazamo kutoka Gairo



Historia ya kuenea kwa Kiswahili katika bara la Tanzania imekwisha kuandikwa mara nyingi, na wahusika wake tunawafahamu. Wapo wasafiri wa misafara, maakida wa Wajerumani, walimu wa misheni, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, TANU na mikutano yake ya hadhara, redio, na kampeni za elimu ya watu wazima. Orodha hiyo siipingi. Nasema tu kwamba ina pengo. Inaeleza vizuri namna watu wa bara walivyokisikia Kiswahili na walivyofundishwa kukisoma. Haielezi vya kutosha namna walivyokitumia wao kwa wao, pasipo mwalimu wala ofisa, katika shughuli waliyoianzisha wenyewe na ambayo wangeweza kuiacha siku yoyote. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba klabu ya mpira wa miguu ya ridhaa ni mojawapo ya mahali ambapo matumizi hayo yalipata makao, na kwamba daftari la katibu wa klabu ni hazina ya Kiswahili ambayo sisi wanataaluma tumeipita njiani bila kuiinamia.

Nimechagua kuitazama habari hii nikiwa nimesimama Gairo, mkoani Morogoro. Gairo haijapata kutoa bingwa wa Tanzania, wala jina lake halitajwi katika historia ya soka ya nchi hii. Ndiyo maana inafaa. Klabu kubwa za Dar es Salaam zimekwisha kupata waandishi wake, na zitaendelea kuwapata. Lakini sura ya kawaida ya mpira wa Tanzania si uwanja wenye majukwaa na taa. Ni kiwanja cha vumbi chenye magoli ya miti, timu isiyokuwa na mshahara, jezi za kuazimana, na kamati inayokutana chini ya mti au katika darasa la shule ya msingi baada ya wanafunzi kuondoka.

Mahali penyewe

Gairo iko kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, karibu nusu ya njia, katika nchi ya Wakaguru. Mgeni anayesikia jina la mkoa hudhani kwamba yuko chini ya Uluguru; la, Uluguru uko mbali mashariki, juu ya mji wa Morogoro. Hapa milima inayoonekana ni ya Ukaguru na Rubeho. Magharibi wanaanza Wagogo, kaskazini mashariki wako Wanguu, na wafugaji Wabaraguyu, ambao majirani huwaita Wakwavi, wamekuwamo katika nchi hii kwa vizazi vingi. Kwa hiyo mtu wa Gairo anapofika sokoni au kituo cha mabasi, hana budi kuwa na lugha ya pili.

Kiswahili hakikufika huku jana. Njia ya misafara kutoka mwambao kwenda Mpwapwa ilipita Mamboya, na wamisionari wa CMS waliweka kituo Mamboya kabla ya utawala wa Wajerumani. Mmoja wao, J. T. Last, alitoa sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Naitaja sarufi hiyo kwa sababu inatukumbusha kwamba Kikaguru kiliandikwa mapema, na kwamba kama misheni na serikali zingetaka, lugha ya maandishi ya Ukaguru ingeweza kuwa Kikaguru. Haikuwa hivyo. Shule, mahakama na ofisi zilichukua Kiswahili, na Kikaguru kikabaki lugha ya nyumbani, ya shamba, ya matambiko na ya ugomvi wa kweli.

Jambo la pili la kukumbuka ni la kiutawala. Mpaka mwaka 2012 Gairo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa; mwaka huo ndipo ilipokuwa wilaya inayojitegemea. Mpira wa Tanzania hupangwa kwa ngazi za utawala: wilaya, mkoa, taifa. Timu isiyokuwa na makao makuu ya wilaya ilipaswa kuyafuata yaliko. Kilosa ni mji wa reli, Gairo ni mji wa barabara, na kati yao kuna milima. Nauli ya kwenda kucheza mechi moja ya ligi ya wilaya ilikuwa ni michango ya watu wengi. Msomaji asiidharau habari ya nauli. Katika maisha ya klabu ndogo nauli ndiyo siasa yenyewe, na mijadala mingi ya kamati huanzia hapo.

Chimbuko

Klabu ya mpira haikuzuka katika jamii isiyojua vyama. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha jinsi Marini na Arinoti walivyoenea kutoka mwambao kwenda bara wakiwa na vyeo, sare, ada, na desturi ya kuzikana. Neno chama, kabla halijawa la siasa, lilikuwa na makazi ya raha mustarehe katika ngoma na katika kusaidiana. Klabu za mpira zilipoanza kushamiri katika miaka ya 1930, zilikuta nyumba imekwisha kujengwa. Young Africans ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1935, na kutokana na mfarakano wa miaka hiyohiyo ikapatikana timu iliyokuja kuitwa Sunderland, nayo tangu mwaka 1971 inaitwa Simba. Tadasu Tsuruta amezichunguza klabu hizo mbili kama vyama vya wenyeji wa mji, si kama timu tu. Kwa upande wa Unguja, Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, ameonyesha jinsi mpira ulivyokuwa uwanja ambamo watu wa Ng'ambo walijitambulisha na kushindana na watawala wao. Wote wawili wanatuelekeza kwenye jambo moja: aliyejiunga na klabu hakununua burudani, alijifunga kwa wenzake.

Reli iliubeba mpira kama ilivyoubeba beni. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na kila stesheni ilikuwa na makarani, mafundi na askari waliotoka kwingine na waliohitaji kitu cha kufanya jioni. Shule zilifanya kazi iliyobaki. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilizoea kupokea habari za miji kutoka kwa wasomaji wake, na hivyo mtu wa bara akazoea wazo kwamba jambo la mjini kwake laweza kuandikwa kwa Kiswahili na kusomwa na asiyemjua.

Huko Ukaguru kwenyewe tunao ushahidi wa vyama vya vijana waliosoma. T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti wake huko kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1961 makala kuhusu mavuguvugu mawili: Umwano, na umoja wa wanafunzi wa Ukaguru. Yote mawili aliyaeleza kuwa ya kikabila. Nataka tuizingatie tofauti hiyo. Palipokuwa na haja ya kuwatetea Wakaguru kama Wakaguru, chama cha kabila kiliundwa. Klabu ya mpira haikuweza kufuata njia hiyo hata kama ingetaka. Inahitaji wachezaji kumi na mmoja wenye uwezo, na mlinda mlango hodari akiwa Mgogo, atalinda mlango. Uanachama wake ulifunguliwa na mahitaji ya mchezo, na lugha ya kikao ikafuata uanachama.

Daftari la katibu

Tuje sasa kwenye lugha. Klabu ndogo ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kocha, nahodha na wajumbe. Katika hao, anayenihusu hapa ni katibu. Mara nyingi ni mwalimu, karani, au kijana aliyefika mbali kidogo kuliko wenzake shuleni. Kazi yake ni daftari: orodha ya wachezaji, orodha ya waliochanga, nakala za barua zilizokwenda kwa timu jirani kuomba mechi ya kirafiki, na muhtasari wa vikao.

Muhtasari una umbo lake, na umbo hilo halibadiliki kutoka Gairo mpaka Kigoma. Kufungua kikao, kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya fedha, maandalizi ya mechi, mengineyo, kufunga. Wanafunzi wa sarufi hapa wangeweza kupata zaidi kuliko wanavyodhani. Yatokanayo ni kirai chenye urejeshi wa mwishoni, ule usiobeba njeo. Katika mazungumzo ya kila siku muundo huo umepungua sana; mitaani utasikia amba-, au urejeshi wenye njeo. Lakini fundi cherehani aliyechaguliwa mjumbe wa kamati hulitamka yatokanayo bila kusitasita, na hulielewa barabara: ni yale tuliyoahidi mwezi jana na ambayo sasa lazima tuulizane. Muundo wa lugha ambao tunaudhania wa vitabuni umehifadhiwa na watu ambao hawasomi vitabu, kwa sababu una kazi ya kufanya.

Vivyo hivyo kuhusu kauli ya kutendwa. Ilikubaliwa, iliamuliwa, ilisisitizwa, alitakiwa. Wako wanaoiona kauli hii katika mihtasari kuwa ni urasimu mtupu ulioigwa kutoka ofisini. Mimi naiona tofauti. Katika mji ambamo wajumbe ni mashemeji, watani na wadeni wa wenyewe kwa wenyewe, kuandika kwamba fulani alimkataa fulani ni kuwasha moto. Kuandika kwamba ilikubaliwa mchezaji huyo apumzishwe mechi mbili ni kuliweka jambo mikononi mwa wote, ambapo hakuna mtu wa kulipizwa. Kauli ya kutendwa inafanya kazi ya busara ambayo katika baraza la wazee ingefanywa na mafumbo.

Na hazina kubwa iko katika kipengele cha mwisho, mengineyo. Kipengele hiki hakina umbo, kwa hiyo kila kilichosahaulika huangukia humo: jezi mbili hazikurudishwa, mama wa mchezaji amefiwa, ipelekwe rambirambi, mpira umepasuka, kiwanja kimelimwa upande wa kona na mwenye shamba aendewe kwa heshima, timu iende ikalime kibarua shamba la mtu fulani ili ipatikane fedha ya viatu. Mwanahistoria wa jamii akiruhusiwa kusoma kipengele kimoja tu, achague hiki. Humo utaona kwamba klabu ilikuwa chama cha kuzikana, kikundi cha ujima, na pengine mahakama ndogo, kabla haijawa timu.

Msukumo wa kuandika ulitoka pia serikalini. Sheria ya mwaka 1967 iliunda Baraza la Michezo la Taifa, na utaratibu wa kusajili vyama na klabu ukawekwa. Anayetaka kusajiliwa hupeleka katiba. Mwaka huohuo ndipo Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa, na sisi katika taaluma tumeliandikia Baraza hilo kurasa nyingi, kama ilivyo haki yake. Je, tumewahi kujiuliza ni watu wangapi, katika miji na vijiji, walioshika kalamu kwa mara ya kwanza kuandika kifungu cha katiba, si kwa ajili ya nchi, bali kwa ajili ya timu? Kifungu cha uanachama, kifungu cha akidi, kifungu cha kumwondoa kiongozi. Katiba nyingi kati ya hizo zilinakiliwa kutoka kwa klabu nyingine, makosa yakiwamo. Lakini aliyenakili kifungu cha kumwondoa mwenyekiti alijua tangu siku hiyo kwamba mwenyekiti huondolewa.

Neno ridhaa lenyewe latosha kutusimamisha kidogo. Lugha nyingi za Ulaya humwita mchezaji asiyelipwa kwa neno linalotokana na kupenda. Kiswahili kilichagua neno la Kiarabu linalohusu kukubali na kuwa radhi. Tofauti si ndogo. Kupenda ni kwa moyo wa mtu mmoja. Kuridhia kunahitaji jambo lililoletwa mbele yako na wengine, ukaulizwa, ukajibu. Mchezaji wa ridhaa, kwa maana ya neno, ni mtu aliyekubali.

Timu za kazini na timu za wananchi

Mkoa wa Morogoro umekuwa na timu kubwa, na si haki kuzungumzia mpira wa mkoa huu bila kuzitaja. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1975, ikiwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo. Jina lake lina ladha kwa mwanafunzi wa lugha: mseto ni wali uliopikwa pamoja na choroko, na kwa upanuzi wa maana, mchanganyiko wa namna yoyote. Baadaye ikaja Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyoanzishwa mwaka 1988 katika mashamba na kiwanda cha sukari, ikawa bingwa mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Kati yao zilivuma Reli na Tumbaku za mjini Morogoro, ambazo majina yake yanataja waajiri waziwazi.

Timu za kazini zilikuwa na nguvu ambayo timu ya Gairo isingeweza kuwa nayo. Mchezaji alipewa ajira, gari la kampuni lilibeba timu, na mfuko wa jezi ulikuwa wa mwajiri. Lakini nguvu hiyo ilikuwa ya kukopa. Mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa katika miaka ya 1990, timu nyingi za namna hiyo nchini zilidhoofika au zikafa, maana hazikuwa na wanachama wa kuzilea. Zilikuwa na wafanyakazi.

Gairo haikuwa na kiwanda cha sukari wala karakana ya reli. Ilikuwa na soko, mahindi, maharagwe, na mazao yanayoteremka kutoka milimani, tuseme Nongwe. Klabu katika mji wa namna hii huishi kwa michango au haiishi. Na mchango hauji bila kikao, kikao hakiendi bila katibu, na katibu hawezi kazi bila lugha ambayo muuza mahindi Mkaguru, fundi baiskeli Mgogo na mwenye duka aliyetoka mbali wote wanaikubali. Ufukara wa klabu ndio uliokuwa shule ya Kiswahili chake. Najua hoja hii inaweza kusikika kama sifa kwa ufukara. Sikusudii hivyo, na mchezaji aliyecheza pekupeku asingenielewa.

Nahodha asiyeiona bahari

Tukitoka katika kikao tukaenda kiwanjani, msamiati unabadilika. Hapa ndipo bara na mwambao vinapokutana kwa namna ya kufurahisha.

Neno mpira lilianzia porini. Lilikuwa mmea na utomvu wake, na mwanzoni mwa karne ya 20 utomvu huo ulikuwa bidhaa ya kusafirishwa kutoka koloni la Wajerumani. Jina la kitu kilichogemwa likawa jina la kitu kilichochezwa, kisha jina la mchezo wenyewe, kiasi kwamba leo mtoto husema anakwenda mpirani bila kufikiri juu ya mti wowote. Anayeongoza timu ni nahodha, neno la vyombo vya baharini, nalo limepanda milima mpaka Rubeho na kukaa juu ya mabega ya kijana ambaye huenda hajawahi kuiona bahari. Goli likiingia ni bao, neno la mchezo wa kete ambao wazee wa mwambao waliucheza kibarazani. Mpira wa penalti ni mkwaju, na yeyote aliyesoma shule ya zamani anajua mkwaju wa mwalimu ulivyo. Mshindi hupewa kombe, ambalo kabla ya kuwa la fedha lilikuwa sinia la kulia watu wengi. Na katika mashindano ya vijijini, ambako zawadi ni mbuzi, kombe hurudi kuwa chakula.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni kuotea. Mshambuliaji aliyetangulia nyuma ya mabeki huambiwa ameotea. Kuotea ni kazi ya mwindaji: kujibanza mahali ambapo mnyama atapita. Sheria ambayo huwatatiza hata watazamaji wa Ulaya ilielezwa hapa kwa kitenzi kimoja ambacho kila mtu wa nchi ya mawindo alikuwa nacho tayari, na hukumu ya kimaadili ikiwa ndani yake: umejificha, hukushindana. Hakuna kamati ya istilahi iliyokaa kulibuni. Sisemi hili kwa kuzibeza kamati, maana taasisi yetu yenyewe ni mjukuu wa kamati ya mwaka 1930. Nasema kwamba istilahi nyingi za mpira zilikwisha kukomaa kabla hazijasajiliwa, na aliyezikomaza ni mtazamaji aliyekuwa akieleza mechi kwa mwenzake ambaye hakuiona. Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, walizichukua hizo na kuzirudisha zikiwa zimesuguliwa, na mji uliokuwa na redio chache ukajifunza kusimulia mpira kwa mtindo wao.

Na utani? R. E. Moreau, aliyekuwa hasa mtaalamu wa ndege huko Amani, aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika katika miaka ya 1940. Beidelman aliandika juu ya utani wa Wakaguru mwaka 1966. Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya maelezo ya utani wa nchi nzima katika miaka ya 1970. Wote wanakubaliana kwamba utani si matusi tu. Anayekutukana bila kosa ni yuleyule anayepaswa kuja msibani kwako kufanya kazi ambazo ndugu hawawezi kuzifanya. Lugha ya mpira ilipowaita Simba na Yanga watani wa jadi, ilichukua nusu ya kwanza ya mkataba huo na kuiacha ya pili. Mshabiki wa Dar es Salaam anayemkejeli mwenzake baada ya mechi hana wajibu wa kumchimbia kaburi. Katika mji mdogo hali ni nyingine. Timu mbili za mji mmoja zina wachezaji waliosoma darasa moja, na watakaokwenda kulichimba kaburi ni haohao waliozomeana Jumapili. Huko utani wa mpira umekaribia kurudi kwenye asili yake, na nadhani mtafiti wa utani leo angefaidika zaidi kuanzia kiwanjani kuliko kuanzia katika orodha za koo.

Suluhu

Mechi ikiisha kwa mabao sawa, waandishi wa michezo husema sare. Ikiisha bila bao, husema suluhu. Tofauti hiyo ni ya Kiswahili chenyewe, na katika suluhu kuna wazo la wagomvi waliopatana. Neno hili linatupa nafasi ya kusema jambo ambalo wasifu wa mpira hulikwepa.

Ni desturi sasa kusema kwamba michezo hujenga amani. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Wilaya ya Kilosa, wakulima 38 waliuawa katika mgogoro na wafugaji. Wakati huo Gairo ilikuwa bado ndani ya wilaya hiyo. Klabu za mpira zilikuwapo Kilosa mwaka huo kama zilivyokuwapo kila wilaya, na hazikuzuia kitu. Mgogoro wa ardhi, maji na rushwa hautatuliwi kwa mechi ya kirafiki, na kuudai mpira deni hilo ni kuuonea. Klabu iliwaweka watu katika kikao kimoja; haikuwapa malisho.

Ninachoweza kukitetea ni kidogo zaidi. Klabu ilikuwa mahali ambapo mtu aliweza kushindwa kura na akaja tena mwezi ujao. Walioshindwa walibaki wanachama, au walihama wakaanzisha timu ya pili, kama walivyofanya wa Dar es Salaam katika miaka ya 1930. Mfarakano huo wa pili nao ni wa amani: badala ya kupigana, watu huandika katiba mpya. Lazima niongeze kwamba uwanja huo wa kushindwa na kurudi ulikuwa wa wanaume. Wanawake huonekana katika orodha za michango kuliko katika orodha za wajumbe, na yeyote atakayeyasoma madaftari haya asidhani kwamba anasoma sauti ya mji mzima.

Baada ya daftari

Mambo mawili yanaiondoa sasa hazina hii. La kwanza ni mfadhili. Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, mipira na jezi huteremshwa vijijini, na mashindano hupewa jina la aliyezileta. Vijana hucheza, na hakuna sababu ya kuwalaumu. Jezi ni jezi. Lakini timu inayovishwa na mtu mmoja haina haja ya orodha ya michango, na isiyokuwa na orodha ya michango haina haja ya taarifa ya fedha, na hatimaye kikao hugeuka kuwa ujumbe wa kwenda kuomba. Kiswahili kinachotumika hapo ni kingine kabisa. Yatokanayo hutoweka, maana hakuna anayeulizwa. Badala yake huja tunaomba, tunashukuru, tunaahidi kura. Ridhaa, kwa maana niliyoieleza, imeondoka, ingawa mchezaji bado halipwi.

La pili ni simu. Kamati nyingi siku hizi hukutana katika kikundi cha WhatsApp. Humo mna Kiswahili kingi na kizuri, na watafiti wa lugha ya mtandao wanakifurahia kwa haki. Lakini simu ikiharibika, kikao cha miaka mitatu kimekwenda, na wala hakuna mtu aliyetakiwa kuandika ilikubaliwa. Madaftari ya zamani nayo yako hatarini kwa njia za kawaida zaidi: mchwa, uhamisho wa mwalimu, mjukuu aliyehitaji karatasi ya kufungia maandazi.

Tangu kuundwa kwake, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 2009 ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, imekusanya tenzi, methali, lahaja na istilahi. Napendekeza kwamba wanafunzi wanaotoka Morogoro, na hasa wale wa Gairo, Chakwale, Iyogwe na Rubeho, wapewe kazi ya kutafuta madaftari ya klabu za kwao, kwa ruhusa ya wenyewe, wayapige picha ukurasa kwa ukurasa, na kuyarudisha yalikotoka. Majina ya watu yafichwe panapohusika deni au ugomvi. Maandishi yasisahihishwe: pale katibu alipoandika kura kwa alama za mistari mitano mitano, picha ionyeshe mistari. Na mtafutaji asianze kwa mwenyekiti, ambaye atampa historia iliyopangwa vizuri. Aanze kwa mweka hazina. Katibu huhamishwa na daftari lake, lakini mweka hazina aliyewahi kushukiwa, na ni nani kati yao asiyewahi kushukiwa, hutunza risiti ya jezi na orodha ya waliochanga mpaka siku ya kufa kwake.